Kinda Niliyemtoa Kwenye Mafunjo

Nakumbuka siku moja mikono yangu ilikataa kushika kikombe cha chai. Nilikuwa nimekaa barazani kwa mama yangu, mjini Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Nilikiinua kikombe, kikaanza kunigonga meno, chai ikanimwagikia kifuani. Mama aliniangalia. Alichukua kitambaa akanipangusa, kama alivyonipangusa nilipokuwa sijajua kutembea. Na mimi wakati huo, mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na saba, dereva wa lori la trela, mtu ambaye madereva wenzake walimwita Umeme.

Ngoja nikueleze jina hilo nililipataje, maana sikupewa kwa heri. Sisi ni watu wa barabara. Baba yangu aliendesha lori, na baba yake aliuza vipuri karibu na forodha. Mama yangu ni Mpadhola wa Kisoko, huko Tororo, aliyesilimu alipoolewa. Mimi nilizaliwa nikisikia honi kabla ya adhana. Nilipopewa gari nilitaka niwe wa kwanza kutoka Mombasa, wa kwanza kuvuka mpaka, wa kwanza kushusha mzigo Kampala. Nilitafuna mirungi ili nisilale. Nilikula nimesimama. Wenzangu wakipiga kambi, mimi napita nikiwapungia mkono. Wazee husema mwenda pole hajikwai, nami niliona hiyo ni methali ya watu wasio na gari.

Siku ya ajali nilikuwa na Asumani, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukigombea ubao mmoja chuoni kwa maalim. Naye alikuwa dereva, ila gari lake lilikuwa gereji Kampala, akaomba nimrudishe nyumbani. Tuliingia msitu wa Busitema saa nne za asubuhi, jua limeshapanda, barabara kavu. Asumani akaniambia, "Siraji, macho yako yanafumba. Simama pembeni tulale hata nusu saa."

Nikamjibu, "Nitalala nikifika."

Sikufika. Kitu nilichosikia baadaye ni matawi yakivunjika, kisha kimya, kisha Asumani akiita jina langu kwa sauti ndogo sana. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye, madaktari wa Tororo walimkata mguu wa kulia, chini kidogo ya goti.

Mwanangu, kosa la usingizi mtu anaweza kusema ni ajali. Lakini sikiliza kosa la pili, ambalo halikuwa ajali. Sikwenda kumwona. Wiki ya kwanza nilisema nina maumivu. Wiki ya pili nilivaa kanzu, nikafika mpaka kituo cha magari ya Tororo, nikageuka. Wiki ya tatu sikuvaa hata hiyo kanzu. Nilijifungia chumbani, na kila lori lililopiga honi kwenye foleni ya mpakani niliruka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mchana sili, usiku silali. Mikono ikaanza kutetemeka, kidogo kidogo, mpaka siku ile ya kikombe.

Mama alipomaliza kunipangusa chai, akasema, "Utakwenda kwa mjomba wako Kisoko. Huko hakuna honi."

"Nitafanya nini huko, Mama?"

"Hutafanya kitu. Ndiyo maana nakutuma."

Nilikwenda. Kutoka barabara kuu nilipakiwa kwenye baiskeli ya bodaboda, maana zama hizo baiskeli ndizo zilizokuwa bodaboda zenyewe. Nilishika kiti cha yule mwendeshaji kwa mikono miwili kama mtoto, mimi Umeme, nikaona aibu. Njia ilipita katikati ya mihogo na wimbi, juu ya udongo mwekundu, mpaka nyumba ya mjomba, iliyokaa juu kidogo ya kinamasi kikubwa cha mafunjo.

Mjomba Owori alikuwa mtu mrefu, mkimya, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mwenye ng'ombe sita na shamba la wimbi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kisichojali ngeli hata kidogo. Sisi wa mjini tulikuwa tunamcheka. Leo nikikumbuka maneno yake natamani ningemcheka kidogo na kumsikiliza zaidi. Mkewe, mkaza mjomba Athieno, alikuwa mwembamba, mwepesi, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema.

Siku mbili za kwanza zilinishinda. Ule ukimya wa shamba haukuwa kimya kwangu. Nilipofumba macho nilisikia matawi ya Busitema, nikasikia jina langu likiitwa. Basi nikawasha redio yangu, nikaifungulia sauti yote, toka alfajiri mpaka kulala. Kuku wakahama uani. Mjomba aliivumilia. Ila siku ya pili, tukila chakula cha mchana, aliweka mkono wake juu ya sahani yangu nisiweze kuchota.

"Okewo," akaniambia, maana Wapadhola humwita hivyo mtoto wa dada, "wewe nakula kama mtu anasikia gari yake inaondoka. Hapa hakuna mtu nafukuza wewe."

Nilikasirika. Nikainuka, nikaiacha sahani. Mkaza mjomba akacheka, akaifunika kwa ungo, akasema nitairudia. Nikairudia.

Unajua methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjomba aliifuata kama sheria ya serikali. Siku ya tatu, mwanga bado mchanga, alinigongea mlango, akanikabidhi jembe, akaitoa redio mkononi mwangu na kuiweka juu ya kabati. Tukatoka.

Mwanangu, nilikuwa nimepita barabara za nchi hizi miaka saba. Nilijua kila kona, kila mzani, kila shimo. Lakini nakuapia sikuwahi kuiona asubuhi. Nilikuwa nimeipita tu. Tulipofika ukingoni mwa shamba la wimbi nikasimama, na jembe begani nikalisahau. Usiku ule buibui walikuwa wamefuma nyuzi zao kutoka suke hadi suke, shamba zima, sijui maelfu mangapi, na umande ulikuwa umelala juu ya kila uzi. Jua lilipochungulia, shamba lote likawaka. Sikuthubutu kuweka mguu. Mbele, juu ya ukungu, mwamba wa Tororo ulikuwa umesimama peke yake, chini yake hakuonekani, kana kwamba umening'inizwa. Mwamba huo huo nilikuwa nikiutumia miaka yote kuhesabu nimebakiza kilomita ngapi.

Nikauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini, "Mjomba, kila siku huwa hivi?"

Akanitazama kama niliyeuliza iwapo ng'ombe wana pembe. "Siku nyingi. Lakini watu nalala."

Tulilima hadi jua likawa kali. Mikono yangu ilitetemeka kwenye mpini, lakini jembe ni zito, halijali. Mchana mkaza mjomba akaniomba nimsindikize kinamasini kukata mafunjo ya kusukia mikeka. Ndipo nilipowaona.

Walikuwa korongo wawili, wale ndege wa kwenye bendera yetu. Nilikuwa nimewaona kwenye bendera maisha yangu yote, nikadhani ni mchoro. Walisimama mahali palipokuwa na majani mafupi, kati ya mafunjo na shamba, warefu kumfikia mtu kifuani, mataji yao ya dhahabu yakimulikwa na jua. Mkaza mjomba alinishika mkono nisisogee. Mmoja akainamisha kichwa, mwingine akajibu. Kisha yule wa kwanza akafungua mbawa zake, nyeupe, zenye manyoya ya rangi ya kahawia chini, akaruka juu bila kuruka kwenda popote. Akashuka. Mwenzake akaruka. Wakazungukana, wakainamiana, wakaruka tena, na hapakuwa na ngoma wala mtazamaji ila sisi wawili tuliojificha.

"Wanacheza harusi?" nikamnong'oneza.

"Harusi yao ya zamani," mkaza mjomba akasema. "Wana watoto tayari. Wanacheza tu kwa sababu wako hai."

Sijui jambo gani lilinipata. Machozi yalinitoka bila kilio. Maalim alitufundisha utotoni kwamba ndege nao humtukuza Mola kwa namna yao, tukaitika ndiyo bila kuwaza lolote. Siku ile nikawaza. Nilikaa chini kwenye nyasi, na nilipokaa nikalala, mimi niliyekuwa sijalala wiki tatu. Mkaza mjomba alikata mafunjo yake, akafunga mzigo, akaketi kuningoja. Nilipoamka jua lilikuwa limevuka upande wa pili, na mikono yangu ilikuwa imetulia juu ya magoti kama mikono ya mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nilikwenda kinamasini kila alfajiri baada ya sala. Nilijifunza kukaa. Usidhani ni jambo dogo; kukaa ni kazi, na ina uanagenzi wake kama udereva. Nikajua saa ya mdiria kupiga mbizi, na saa ya vyura kunyamaza. Nikaona kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua, wakipanda angani kama moshi, na mkaza mjomba akiwakusanya kwa beseni huku akiimba nyimbo za kanisa lake. Nikawajua wale korongo na makinda wao wawili, wenye manyoya laini ya rangi ya mchanga, wakiwafuata wazazi kwa miguu ambayo bado haijaamua iende wapi. Nilikula nikaisikia ladha ya wimbi. Nililala.

Laiti hadithi ingeishia hapa, ningekuwa mtu mwema. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, hata ya nafsini mwako.

Siku ya kumi na mbili ilikuja barua ya mama. Aliandika kwamba Asumani anaruhusiwa kutoka hospitali wiki hiyo. Akaandika pia kwamba kila mtu anayemtembelea anamuuliza, "Siraji yuko wapi?"

Nilipoikunja ile barua, ilikuwa inatetemeka. Nikatazama mikono yangu. Yote niliyoyapata kwa siku kumi na mbili yalikuwa yamekwenda kwa mistari mitano. Nikaogopa sana. Nikajiambia: amani yangu iko hapa, na nikirudi mjini itabaki hapa. Na mtu mwenye hofu akili yake huwa ya mwizi. Nikafikiri, kwa nini nisichukue kidogo? Nikiwa na kinda mmoja uani kwetu Busia, nikimtazama kila asubuhi, nitatulia. Mjini watu hufuga kasuku, hufuga njiwa. Mmoja tu. Wao wanao wawili.

Asubuhi iliyofuata mjomba alikuwa amekwenda sokoni. Nilishuka kinamasini. Wazazi waliponiona nakaribia kuliko kawaida walitoa mlio, na makinda wakajilaza kwenye majani, kama walivyofundishwa, wakawa kama mawe. Nilijua mahali walipolala kwa sababu nilikuwa nimekaa pale siku zote hizo nikiwatazama kwa upendo. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, mwanangu. Jicho nililofundishwa kupendea ndilo nililotumia kuibia. Korongo mmoja alinijia akiburuta bawa kama aliyevunjika, anidanganye nimfuate. Nilimpita. Nikainama, nikamwokota kinda, nikamtia ndani ya shati. Moyo wake ulikuwa unapiga kifuani mwangu kwa kasi, kama injini ndogo.

Nilimfunga uzi mguuni, uzi nikaufunga kwenye kigingi cha mbuzi. Nikamwekea maji. Hakunywa. Nikamwekea mchwa. Hakula. Alisimama, akatembea mpaka uzi ulipoishia, akaanguka, akasimama tena. Nikajiambia kuku mgeni hakosi kamba mguuni, atazoea.

Kisha nikawasikia. Ile sauti ya korongo, kubwa, nzito, kama tarumbeta iliyofunikwa blanketi. Walikuwa wanazunguka juu ya kinamasi na juu ya migomba yetu, wakiita, wakienda, wakirudi. Mkaza mjomba alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Akatazama juu, akatazama kigingi, akanitazama mimi. Mwanamke yule aliyecheka kwa kila jambo hakucheka. Aliingia ndani, akafunga mlango. Sauti ile iliendelea mpaka mchana, nami nilikaa pale pale uani, nikiwa nimeziba masikio, mkono mmoja huku na mwingine huku.

Mjomba alirudi adhuhuri, baiskeli yake ikiwa na gunia la chumvi ya ng'ombe. Aliisimamisha. Kila kitu kilikuwa mbele yake. Alivuta kigoda, akaketi karibu na kinda, si karibu na mimi.

"Mimi nadhani wewe nafundishwa," akasema. "Siku kumi na mbili mimi nanyamaza, nasema, okewo nafundishwa na mwalimu mkubwa kuliko mimi. Kumbe wewe nafikiri uko dukani."

"Mjomba, nilitaka kitu cha kunituliza."

"Kitu hii imetulia?"

Kinda alikuwa amelala ubavu, mguu wenye uzi umenyooka, kifua kinapanda na kushuka.

"Amani ya hapa si ya mtu," mjomba akaendelea. "Mimi nazaliwa hapa na si yangu. Inatupita, kama maji ya kinamasi. Unakunywa, unaosha uso, unainuka unakwenda kufanya kazi yako. Wewe ulikuja na kidonda, ikapoa. Vizuri. Sasa wewe nataka kulala ndani ya dawa. Kazi yako iko wapi, okewo? Ile barua inasema nini?"

Sikuwa nimemwambia yaliyoandikwa kwenye barua. Nilifunua mdomo, na badala ya jibu likatoka jambo lote: msitu, usingizi, nusu saa niliyokataa kuitoa, mguu wa Asumani, kanzu niliyoivaa nikaishia kituoni. Nililia mbele ya mjomba wangu kama mtoto. Aliniacha nilie. Nilipomaliza akafungua ule uzi kwa vidole vyake vikubwa, polepole, akanipa kinda mikononi.

"Wewe ndiye nachukua. Wewe ndiye narudisha."

Tulishuka pamoja. Njiani nilimuuliza kama wazazi watamkubali. Akasema hajui. Akasema pia kwamba tukichelewa, atakayemkubali ni mbweha. Nilimweka kinda pale pale nilipomwokotea. Hakulia. Alijikunja kwenye majani, macho nusu wazi. Tukarudi nyuma hatua nyingi, tukaketi.

Na hapo, mwanangu, nilikaa kuliko nilivyowahi kukaa maishani. Korongo hawakuwapo. Anga lilikuwa tupu, jeupe kwa joto. Mwewe alipita juu mara moja, nikataka kuinuka nipige kelele. Mjomba akaniwekea mkono begani. Ikaingia alasiri. Nikatawadha kwa maji ya ukingoni, nikasali pale pale penye majani, na nilipoweka paji langu chini nilisikia unyevu wa ardhi na harufu ya mafunjo, nikamwambia Mungu kitu kimoja tu: mrudishie. Sikuomba juu ya mikono yangu. Sikuomba juu yangu kabisa. Mjomba alivua kofia yake, akaishika magotini mpaka nikatoa salamu.

Jua lilipoanza kulegea, kinda alitoa sauti. Sauti nyembamba, ya mara moja, kama mlango unaofunguliwa mbali. Akanyamaza. Akaita tena.

Wakatokea kutoka upande wa mwamba. Kwanza sauti, kisha wao, wakiwa chini sana, mbawa zimefunguka zote, zimejaa mwanga, wakatupita juu ya vichwa vyetu karibu kiasi kwamba nilisikia upepo wao usoni. Walitua. Mmoja akasimama akitutazama sisi, wima, hakupepesa. Mwingine akatembea hatua kwa hatua, akainama kwenye majani, akabaki ameinama. Na kwenye yale majani akasimama kinda, akayumba, akaingia chini ya kile kifua cha kijivu kama anayeingia nyumbani. Kutoka kwenye mafunjo yule ndugu yake akaja mbio, mbawa ndogo zisizoweza kuruka bado zikipigapiga.

Sina maneno ya kitu nilichokiona, na nimekuwa nikiyatafuta miaka zaidi ya thelathini. Nitakuambia tu kwamba nilijiona mdogo, mdogo sana, na udogo ule haukuniumiza. Ulinipumzisha. Dunia ilikuwa inafanya kazi yake kubwa ya huruma bila kuningoja mimi, na bado ilikuwa imeniachia nafasi ya kuketi ukingoni nitazame. Nikageuka kumwambia mjomba. Mjomba Owori, mtu mzima aliyezaliwa pale, alikuwa anafuta macho kwa kofia.

Kesho yake nilikwenda Tororo.

Asumani alikuwa amekaa kitandani, nguo zake zimefungwa kwenye shuka, akingoja ndugu zake waje kumchukua. Alikuwa amekonda. Nilisimama mlangoni, nikatoa salamu. Akaitikia. Akanitazama, akasema, "Miguu yako miwili, Siraji, na umeshindwa kufika hapa?"

Nilikwenda nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilisema nisamehe, ndugu yangu, mguu wako umekwenda kwa sababu yangu.

"Mguu nilikusamehe siku ya pili," akasema. "Wewe hukutaka kuniumiza, usingizi si mtu. Lakini hizi wiki tano, kila mlango ukifunguliwa nasema huyu ni Siraji. Hizi bado sijakusamehe."

"Nitakaa mpaka unisamehe."

"Basi kaa," akasema, akasogea kunipa nafasi kitandani.

Nilikaa. Mikono yangu ilitetemeka, sikuificha. Aliiona, akaishika yote miwili ndani ya mikono yake, tukakaa hivyo mpaka ndugu zake wakafika. Msamaha wa zile wiki tano ulinichukua karibu mwaka. Nilikwenda kwake kila nilipokuwa Busia, siku nyingine akinifukuza, siku nyingine tukicheka. Mikono ilitulia yenyewe, sikumbuki siku gani. Nilirudi barabarani, nikaendesha miaka mingi, na jina la Umeme likafa. Asumani alipata mguu wa bandia, akawa wakala wa forodha, na wajukuu zake ndio hao mnaocheza nao mpira.

Sasa nisikilize, wewe unayeshika simu huku nikizungumza. Sikukatazi, ila nigeuzie sikio moja. Siku hizi mnatoka mjini Jumamosi, mnakaa shamba kwa saa mbili tu, mnapiga picha hamsini, mnarudi. Mnasema mmepumzika. Pumziko, mwanangu, halikamatwi. Ukifika mahali pazuri, uje mikono mitupu na uondoke mikono mitupu. Kaa mpaka pale mahali pasahau kwamba upo. Uache kinda wa mwenzio alipo, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hata mzazi mwenye manyoya. Na kile kinamasi, ambacho sehemu yake kubwa sasa imelimwa mpunga, kilichobaki kilindeni. Korongo wa leo si wengi kama wale.

La pili ndilo zito. Usifanye uzuri wa dunia kuwa maficho. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa huumbuliwa na usingizi wake. Mungu akikutuliza moyo mahali fulani, ujue amekutuliza kwa kazi. Kuna mtu mahali anautazama mlango kila unapofunguliwa. Inuka uende kwake ukiwa ungali na utulivu huo. Usingoje mikono iache kutetemeka. Nenda nayo hivyo hivyo.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie macho asubuhi kabla hajakufungulia njia. Akupe rafiki wa kukuambia simama, akupe na sikio la kumsikia. Pale utakapokosea, usikose wa kukuonya bila kukutupa. Na popote utakapokaa, mjini au shamba, moyo wako upate mahali pa kutua. Amin.